Chupa ya Pili

Maji ya choo kile yalikuwa ya buluu, na si kwa urembo. Kila asubuhi, kabla dereva wa kwanza hajafika, mwanamke ambaye madereva wote walimwita Dada wa Vikopo alitia rangi kwenye bakuli la choo, akafunga bomba kwa utepe, akaondoa sabuni, kisha akachungulia nyuma ya mlango na chini ya pipa la taka. Dereva wa lori akibanwa na kipimo cha madawa huwa mjanja ajabu. Katika miaka yake tisa ya kazi, Dada wa Vikopo alishakuta mkojo wa kuazima umefichwa kwenye soksi, alishakuta mwingine umefungwa pajani ili upate joto, na mmoja alimletea kikopo cha chai ya rangi bila hata haya. Ndiyo maana maji yalitiwa rangi, asije mtu akayachota na kuyaongeza kwenye kikopo chake.

Masharti aliyasema kwa sauti ileile kila siku. "Usivute maji. Usijifungulie. Ukimaliza, gonga mara mbili, nitakufungulia."

Basi shida yenyewe ilikuwa hivi: kwa muda wa miezi kumi na moja, choo kile kilikuwa kinagongwa kutoka ndani ilhali hakina mtu.

Sauti hiyo haikuja gizani, kama watu wanavyopenda kusimulia mambo ya namna hiyo. Ilikuja saa nne asubuhi, jua linawaka, malori yananguruma uani, redio ya mlinzi inatangaza mpira. Ko, ko. Mara mbili, bila haraka, kama mtu aliyemaliza haja yake na anajua atafunguliwa. Mara ya kwanza alikwenda na ufunguo mkononi, akafungua, akakuta maji ya buluu yametulia. Mara ya pili alifungua tena. Mara ya tatu alibaki kitini. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Angeambiwa apumzike, na kwenye kampuni ile aliyepumzika alirudi akakuta kiti chake kina mtu.

Isitoshe, aliyekuwa akigonga alimjua. Alikuwa shemeji yake.

Turudi nyuma karibu mwaka mzima, maana bila siku moja ya wakati huo mengine hayaeleweki.

Siku ile waliitwa madereva wawili kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa Mzee Taratibu, aliyepewa jina hilo kwa sababu katika miaka ishirini na sita barabarani hakuwahi kulipita gari lolote isipokuwa lililoharibika. Wa pili alikuwa huyo shemeji, mume wa mdogo wake, mcheshi, mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi. Malori yao yalikuwa yameshapakiwa. Simu ya mezani ililia mara nne. Ni meneja, anauliza kwa nini watu wake bado wako chooni.

Kazi ya vikopo ina utaratibu mmoja usiochezewa. Dereva analeta kikopo. Unamimina mbele ya macho yake kwenye chupa mbili, ya kwanza na ya pili. Unafunga. Unabandika lebo yenye namba yake juu ya kifuniko. Ikishabandikwa, ndipo dereva anatia saini juu ya lebo hiyo, kwa kalamu yake, akiitazama chupa yake. Chupa ya kwanza inapimwa maabara. Ya pili inawekwa kwenye barafu mwaka mzima, ili dereva akibisha ipimwe hiyo.

Siku ile, ili kuokoa dakika tano, Dada wa Vikopo aliwasainisha wote wawili mapema, wakati bado wanakunywa maji na kungoja kubanwa, akazibandika lebo kwenye chupa tupu. Chupa nne zikapangwa mezani, zimeshasainiwa, hazina kitu.

Mzee Taratibu alitoka na kikopo kimejaa mpaka ukingoni. Shemeji alitoka na cha kwake kimefika kwenye mstari wa chini kabisa.

"Hata kwenye mkojo, shemeji, mkono wa birika?" Dada wa Vikopo akamtania.

"Nimekubakizia hamu, shemeji," naye akajibu, na Mzee Taratibu akacheka mpaka akakohoa.

Simu ikalia tena. Akaipokea kwa mkono mmoja, akamimina kwa mwingine. Hayo tu. Hakuna aliyemhonga wala aliyemwomba. Alimimina kikopo cha huyu kwenye chupa za yule, na cha yule kwenye chupa za huyu, wanaume wote wawili wakiwa wamesimama pale wakizungumzia bei ya matairi.

Siku ya tatu majibu yalirudi. Shemeji: safi. Mzee Taratibu: vidonge vya kukesha, vile ambavyo madereva humeza ili wasilale siku mbili. Chini kabisa ya karatasi maabara waliandika kiasi walichopokea. Cha Mzee Taratibu kilikuwa kidogo, kimegusa mstari wa chini. Dada wa Vikopo alisoma mstari ule, akaurudia. Alifungua daftari lake mwenyewe, akasoma alichoandika kwa mkono wake: *mzee, tele, shemeji, kidogo mno.*

Palepale alipaswa kusema. Mimi ninayesimulia nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na jibu silipendi, kwa kuwa ni la kawaida sana. Aliogopa. Alijiambia kwamba mzee ana siku tatu za kubisha, na akibisha tu, yeye ataeleza yote. Alijiambia kwamba shemeji anapita nyumbani usiku mmoja tu kabla ya safari ndefu, ngoja arudi, amkalishe kitako faragha, amwambie aache vidonge, kisha waone la kufanya.

Mzee hakubisha. Na shemeji hakurudi. Siku ya kumi na saba, mchana kweupe, kwenye barabara iliyonyooka, lori lake liliiacha lami bila alama ya breki, likagonga nguzo ya daraja, likaungua. Watu wa barabarani wanajua maana ya hilo: vidonge vikiisha nguvu, usingizi unakuja wote kwa mpigo. Lakini hapakubaki cha kupima. Waliolibeba jeneza walilisikia lilivyo jepesi, wakainamisha macho. Kampuni ikaangalia rejista ya taifa ya vilevi na madawa, ile inayoangaliwa kabla dereva hajapewa usukani popote nchini, ikakuta jina lake ni safi. Wakaichapa karatasi hiyo, wakaitia kwenye fremu, wakampelekea mjane. Ajali tu, wakasema. Kazi ya Mungu. Hazikupita wiki mbili tangu mazishi, hodi za chooni zikaanza.

Mzee Taratibu naye jina lake likaingia kwenye rejista hiyohiyo kwa maandishi mekundu.

Sasa ilikuwa imebaki siku tatu mwaka utimie. Barua ya maabara ilikuwa mezani tangu jana: *chupa za pili zilizotajwa hapa chini zitateketezwa ifikapo Ijumaa.* Namba ya Mzee Taratibu ilikuwa ya nne kwenye orodha. Chupa yenye jina lake ilikuwa na mkojo wa mtu mwingine, na wataalamu wangeweza kuulinganisha na damu ya mzee na kuliona hilo. Ikishateketezwa, ungebaki mdomo wa Dada wa Vikopo peke yake.

Kulikuwa na jambo jingine alilolijua, nalo ndilo lililomnyima raha kuliko yote. Shemeji yake hakuwa na kipande kingine cha mwili kilichobaki duniani. Alikuwa pale tu, kwenye barafu, vijiko vichache, chini ya jina la mtu mwingine.

Asubuhi hiyo ya Jumanne Mzee Taratibu alikuja kutoa kipimo cha mwisho kati ya vile alivyowekewa kabla ya kuruhusiwa kuendesha tena. Alikuwa bado yuko uani pale; kampuni ilimwonea huruma, ikampa kazi ya kuosha malori aliyokuwa akiyaendesha. Aliingia na viatu vya mpira vinavyochuruza maji.

"Leo ndiyo mwisho, dada. Nikipita leo, jekundu linakuwa la njano. Miaka mitano ya njano, lakini ya njano wanakupa usukani."

"Hongera, mzee."

"Usinipe hongera. Unajua yule mshauri wa madawa niliyepelekwa kwake alinifanyia nini?" Akakaa, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. "Kila nilipomwambia sijawahi kumeza, anaandika: *bado anakana*. Miezi minne anaandika hivyo. Mwisho nikachoka, nikamwambia ndiyo, nilimeza. Akafurahi! Akanipa mkono. Akaniambia nieleze lini, wapi, nilijisikiaje. Nikaeleza. Dada, nimeeleza mara nyingi mpaka siku hizi naota nameza. Naviona viko vitatu, vyeupe. Sijui tena kama ni ndoto au ni kumbukumbu."

Dada wa Vikopo alimpa kikopo. Hakuweza kumtazama.

"Kwa nini hukubisha, mzee? Ulikuwa na siku tatu."

"Nibishane na nani? Saini ni yangu, na wewe ulikuwepo, na wewe hujakosea kwa miaka yote." Alikuwa akikizungusha kile kikopo mkononi. "Nilichofanya ni kukaa na kuwaza imeingiaje. Sinywi, sivuti. Safarini sinywi ila chai yangu ya nyumbani. Na chai hiyo ni nani aliyekuwa anaijaza kwenye chupa? Mwanangu. Kila safari, alfajiri, bila kuambiwa. Nikamuuliza: umeniwekea nini? Akasema hakuna, baba. Nikasema muongo. Mama yake akalia, nikamwambia hata yeye nyamaza. Nikamtoa nyumbani na begi moja." Akakiweka kikopo magotini. "Ana miaka kumi na tisa. Laini yake ya simu haipatikani tangu mwezi wa pili."

Akaingia chooni. Baada ya muda akagonga, mara mbili. Dada wa Vikopo alisimama mbele ya mlango na ufunguo, akashindwa kuutia kwenye kitasa, maana kwa nukta moja hakujua yupi kati ya wawili ndiye aliyekuwa ndani.

Saa nane mchana aliomba ruhusa, akasema tumbo linamsumbua, akaenda kwa mdogo wake.

Mdogo wake alishona sare za shule sebuleni. Vitambaa vya kijani vilikuwa vimejaa kochi lote, na cherehani ilikuwa chini ya dirisha. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu akicheka, na kando yake ile karatasi kwenye fremu, imefutwa vumbi. Watoto walikuwa bado hawajarudi. Dada wa Vikopo alipiga moyo konde, akasimama hivyohivyo na pochi yake kwapani, akasema yote kwa mkupuo mmoja: lebo, simu, vikopo viwili, daftari, mzee, kijana wa mzee, barua ya Ijumaa. Mdogo wake hakuinua macho. Sindano iliendelea kupita kwenye pindo la kaptula.

"Nilijua," akasema mwishowe.

"Ulijua nini?"

"Jioni ile majibu yalipotoka alikuja nyumbani akicheka mpaka akakaa chini pale mlangoni. Akaniambia, dada yako ana roho, kanivusha. Alijua alichokimeza, dada. Hata mimi nilijua. Akasema umembadilishia kwa makusudi, kwa ajili ya watoto, na tusikutaje hata kwa asante, usije ukaumia kazini."

Dada wa Vikopo aliitua pochi kwenye kochi. "Sikumvusha. Nilikosea."

Hapo ndipo cherehani iliposimama.

"Ulikosea?"

"Nilikuwa na simu mkononi. Nilikosea."

"Sema tena."

"Nilikosea, mdogo wangu."

Mdogo wake alifunika uso kwa kile kitambaa cha kijani. Alilia bila sauti, mabega tu yakienda. Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo na kubebeshwa mwingine palepale.

"Mwaka mzima nimekuchukia kwa wema uliotufanyia. Umekuja hapa, umekula, umewabeba watoto, na mimi nakutazama nasema moyoni, huyu ndiye aliyemuua kwa kutupenda. Ungemkamata siku ile, angekuwa amekaa kwenye kochi hilo, hana kazi, ananilalamikia chumvi imezidi." Akakinyoosha kitambaa magotini. "Na yeye, baada ya hapo, akazidisha. Kwenye simu alikuwa anasema, naogopa nini, nina shemeji."

Maneno hayo yalimwingia Dada wa Vikopo, na mpaka leo hayajamtoka.

"Nikiandika kwamba nilikosea," akasema taratibu, "jina lake kwenye rejista litabadilika. Watoto watajua."

"Watoto nitawaambia mimi. Nitawaambia baba yao alimeza vidonge ili afike mapema, ili apewe safari nyingine, ili wao wale. Ni kweli. Lakini nipe mpaka jioni, wasije wakayasikia shuleni." Akaitazama fremu. "Usiiguse hiyo. Nitaishusha mwenyewe nikishamaliza nao."

"Nitafukuzwa. Huenda na mahakamani nikaenda. Hawataamini kwamba ni bahati mbaya."

"Nani akuamini? Mimi ni damu yako, sikukuamini." Akasema bila ukali, akageuza kaptula upande wa pili. "Nenda kaandike, dada. Yule kijana yuko wapi saa hizi na begi lake moja?"

Jumatano asubuhi Dada wa Vikopo alifika mapema kama kawaida. Alitia rangi, akafunga bomba kwa utepe, akaondoa sabuni. Kisha akapiga simu maabara, akataja namba ya nne kwenye orodha.

"Hiyo msiiteketeze."

"Sababu?" akauliza wa upande wa pili, sauti ya mtu anayekunywa kitu.

"Mkojo ule si wa mwenye jina. Mimi ndiye niliyechukua, na mimi ndiye niliyekosea."

Kikombe kikawekwa chini. "Dada, unajua unachokisema?"

"Najua. Nayaleta kwa maandishi leo."

Akatoka uani, akamwita Mzee Taratibu, aliyekuwa juu ya ngazi akisugua kioo cha lori. Hakumkaribisha ofisini wala hakumtafutia kiti. Mzee aliposhuka, alimwambia palepale, kati ya magurudumu mawili, maji ya sabuni yakiwapitia miguuni.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Brashi ilikuwa bado mkononi.

"Sikumeza?"

"Hukumeza, mzee. Hata kimoja."

"Vile vyeupe vitatu?"

"Hakuna vyeupe. Alikupandikizia yule mshauri."

Mzee aliitazama brashi kana kwamba ndiyo iliyosema. Akaiweka chini polepole.

"Kwa hiyo ile chai," akasema, "ilikuwa chai."

"Ilikuwa chai tu, mzee wangu."

Hapo akaketi kwenye kidaraja cha lori, mzee wa watu, na machozi yakamtoka, asiyafute. Dada wa Vikopo alitaka kupiga magoti. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Usiniombe msamaha leo, sina. Labda mwakani. Sasa hivi nenda ukaandike. Kampuni utawapa barua yao, na mimi uniandikie yangu, kwa mkono wako, uweke na saini. Mwanangu hataamini mdomo huu. Huu ndio niliomfukuzia." Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Ila sijui nimpelekee wapi. Wewe, kwenye ile rejista yenu, hamuwezi kumtafuta mtu?"

"Ile ni ya madereva tu, mzee."

"Ndiyo. Nilidhani hivyo."

Dada wa Vikopo alirudi ofisini. Alichukua karatasi mbili, akaandika zote mbili polepole, bila kufuta neno, na jina la shemeji yake akaliandika kamili, la kwake na la baba yake. Ya mzee akaitia kwenye bahasha, akaifunga, akabandika utepe juu ya mkunjo, na ulipokwisha kushika ndipo akatia saini juu yake. Mahali pa anwani alipaacha patupu.

Ilikuwa saa nne. Redio ya mlinzi ilikuwa ikitangaza mpira. Mlango wa choo ukagongwa kutoka ndani, mara mbili, bila haraka.

Hakuchukua ufunguo. Alibaki kitini, ameweka kiganja juu ya bahasha.

"Nakusikia, shemeji," akasema. "Nimeshakuandika."

Kikapita kitambo. Halafu mlango ukagongwa tena, kama na mtu ambaye bado anangoja kufunguliwa.